Watoto 80, lugha nne, mwalimu mmoja: mwongozo kamili wa kufundisha kila mtoto bila mwalimu kujimaliza

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa shule ya msingi ya serikali Tanzania, hasa wa Darasa la III na la IV, ambaye kwenye makaratasi anatakiwa awe na watoto 45 na darasani ana 80. Tangu michango ya lazima ifutwe mwanzoni mwa 2016, madarasa yamepokea watoto waliokuwa wakiachwa nyumbani: mwenye uoni hafifu, aliyekuwa machungani, anayesikia sikio moja, asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu. Ni jambo jema. Lakini semina nyingi za elimu jumuishi humwongezea mwalimu fomu, zana na vikao, wala hazimwondolei chochote. Ndiyo maana mbinu nzuri hufa kabla ya nusu muhula. Hapa kila hatua imewekewa dakika zake, na tumeanza na kupunguza kazi kabla ya kuongeza.

Hatua ya 1: Tafuta muda unakovuja

Chukua karatasi moja, andika wiki yako ilivyo, si inavyotakiwa iwe. Mfano wa mwalimu mwenye vipindi 30 vya dakika 40: kufundisha ni saa 20. Sasa hesabu madaftari. Daftari moja likichukua dakika moja na nusu, madaftari 80 ni saa mbili. Masomo matatu, kila moja likisahihishwa mara tatu kwa wiki, ni saa 18. Yaani kusahihisha kunakaribia kufundisha kwenyewe, na nyingi ya saa hizo huliwa usiku kwa mwanga wa simu.

Punguza hapo. Gawa darasa makundi manne ya watoto 20, kila kundi na rangi yake kwenye jalada la daftari. Jumatatu unasahihisha kundi moja kwa kila somo, Jumanne la pili, hivyo hivyo hadi Alhamisi. Madaftari 20 ni nusu saa. Masomo matatu ni saa moja na nusu kwa siku, saa sita kwa wiki. Umeokoa saa 12. Makundi ambayo si zamu yao hujisahihisha kwa majibu yaliyo ubaoni, kwa penseli, wakiandika tarehe. Ijumaa husahihishi; unarudia makosa matatu yaliyojitokeza zaidi kwenye madaftari uliyoyaona.

Mambo mawili huharibu mpango huu. La kwanza ni kupanga makundi kwa uwezo. Kundi la wanaochelewa likiangukia Alhamisi, litasomwa na mwalimu aliyechoka kila wiki. Changanya. La pili ni mthibiti ubora wa shule kukuta madaftari yasiyo na tiki yako. Usingoje akuulize. Peleka utaratibu huu kwa mwalimu wa taaluma, ujadiliwe kwenye kikao, uandikwe kwenye muhtasari na kusainiwa na mwalimu mkuu. Mwalimu mwenye muhtasari mkononi ana la kumwonyesha. Asiye nao ataonekana mvivu tu.

Katika saa 12 hizo, tatu zitatumika kwenye hatua zinazofuata. Tisa ni zako. Usizigawe.

Hatua ya 2: Mjue mtoto kwa dakika mbili

Nunua kaunta buku moja, mpe kila mtoto nusu ukurasa. Zungumza na watoto wanane kwa siku, dakika mbili kila mmoja, wengine wakiwa kwenye zoezi. Siku kumi za shule, umewamaliza 80.

Maswali ni matano. Nyumbani mkiongea na bibi mnatumia lugha gani? Unatoka nyumbani jua likiwa wapi? Unaishi na nani? Mwaka jana ulisoma wapi? Kitu gani unakijua kuliko wenzako? Usimuulize kabila lake. Mtoto wa baba Mnyaturu na mama Mwiraqw, aliyelelewa na jirani, atakujibu kabila na bado hutajua anaota kwa lugha ipi. Swali la jua lina kazi yake pia: anayetoka gizani anatembea mbali, na kipindi cha kwanza anakikuta amechoka tayari. Huyo hapaswi kusimamishwa mlangoni kwa kuchelewa dakika kumi.

Maswali ya njaa, sare na malezi yasiulizwe mbele ya darasa kwa kunyoosha mikono. Mtoto atadanganya mbele ya wenzake, kisha daftari lako litakuwa na uongo ulioutengeneza mwenyewe.

Jibu la swali la tano ndilo utakalolitumia kuliko yote. Anayejua kukamua, anayepanga mafungu ya nyanya, anayetengeneza gari la waya: hao ndio watakaobeba mifano ya Hatua ya 6.

Hatua ya 3: Macho na masikio, kabla ya kumwita mtoto mzito

Baadhi ya watoto wanaoitwa wazito hawaoni ubao. Kuchuja darasa zima, yaani kubaini nani apelekwe kupimwa, hufanyika kwenye vipindi vya michezo, na kifaa unakitengeneza mwenyewe.

Chora herufi E nene kwenye kadi nyeupe kwa wino mweusi: urefu milimita 17.5, upana huo huo, kila mstari na kila nafasi milimita 3.5. Pima mita 6 kwa utepe, kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha. Mtoto afunike jicho moja kwa kipande cha kadibodi, si kwa kiganja. Kiganja hukandamiza jicho na vidole huacha nafasi ya kuchungulia. Geuza E mara tano, juu, chini, kulia, kushoto, naye aonyeshe kwa mkono miguu ya herufi inaelekea wapi. Akipata nne kati ya tano, jicho hilo limepita. Asipopita, mwandikie mzazi barua ya kumpeleka hospitali yenye huduma ya macho. Wewe umechuja tu, hujapima kama daktari, kwa hiyo usitaje ugonjwa.

Kipimo hicho kinakupa pia ukubwa wa mwandiko wako. Mtoto anayeishia kwenye herufi ya milimita 17.5 kwa mita 6 anahitaji takriban milimita 23 akikaa mita 8 kutoka ubaoni, na hiyo ni kwa kukodoa. Ili asome bila kuhangaika, zidisha mara mbili: herufi kubwa za sentimita 5. Ubao utajaa mapema, ndiyo, andika machache.

Kwa masikio, simama nyuma ya mtoto umbali wa mkono mmoja, mwenzake aliye mbele yake asugue taratibu kinundu kilicho mbele ya tundu la sikio lisilopimwa, nong'ona tarakimu tatu, azirudie. Akikosa, nong'ona nyingine tatu. Akikosa zaidi ya nusu ya zote, aende kituo cha afya. Sikio linalotoa usaha lisitiwe mafuta wala maji ya majani, apelekwe zahanati. Anayesikia sikio moja akae upande ambao sikio zima linakuelekea. Nawe acha kuongea huku umelipa darasa kisogo: andika, geuka, ndipo useme.

Mtoto mwenye ualbino anahitaji mambo yanayogongana kidogo. Akae mbele kwa sababu haoni mbali, lakini mbali na dirisha kwa sababu mwanga humuumiza. Aruhusiwe kuusogelea ubao bila kuomba ruhusa, na kukisogeza kitabu hadi karibu na pua, hakumharibu macho. Miwani huenda isimalize tatizo lote, hivyo usimwambie "si una miwani?". Kofia pana na mikono mirefu ziandikwe kuwa sehemu ya sare yake, na michezo ya juani iwekwe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni.

Hatua ya 4: Madawati na mlango

Madawati 27 ya watatu watatu yanatosha watoto 81. Acha njia moja ya sentimita 90 kutoka mlangoni hadi ubaoni. Kiti cha magurudumu kinapita, nawe unapita. Watoto wabadilishe safu kila Jumatatu, isipokuwa wale wa Hatua ya 3, ambao nafasi zao zimeandikwa.

Kizingiti ndicho kikwazo kinachosahaulika. Mteremko salama hupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu, hivyo kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa mita 1.8. Kwa upana wa mita 1.2, zege la uwiano wa 1:2:4 litakula mfuko mmoja wa saruji, na wa pili uwepo akiba. Fundi akimaliza kwa kuchonga ncha nyembamba juu ya udongo, ncha hiyo itavunjika mvua za kwanza. Achimbe mfereji wa sentimita 5 mahali mteremko unapoanzia ili zege lianze na unene. Kamati ya shule inaliweza hili bila kungoja mradi.

Hatua ya 5: Lugha

Ukanda wa Mbulu, Karatu na Hanang, pamoja na jirani yake Singida, una jambo la pekee: Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi, Kidatooga ni Kinailoti, Kinyaturu na Kinyiramba ni Kibantu, na Kihadza cha kandokando ya Ziwa Eyasi hakina ndugu anayejulikana. Dawati moja la watatu linaweza kubeba jamii tatu za lugha. Kwa mtoto wa Kibantu, Kiswahili ni jirani. Kwa wengine ni safari ndefu.

Lugha ya kufundishia ni Kiswahili, na hapa haibadilishwi. Kinachobadilika ni dakika mbili. Baada ya kueleza jambo jipya, waambie wageukiane wenye lugha moja, waelezane kwa lugha ya nyumbani, kisha mmoja aseme kwa Kiswahili walichoelewa. Asiye na mwenzake wa lugha achore. Kabla ya somo chagua maneno matano tu ambayo bila hayo somo haliendi, uje na kitu halisi au kitendo kwa kila neno. Maneno matano kwa somo, masomo matatu kwa siku: ni 75 kwa wiki, na hayo ni mengi tayari.

Usimfanye mtoto mmoja kuwa mkalimani wa kudumu. Anayetafsiri hasomi. Zamu ibadilike kila wiki.

Tenga kosa la lugha na kosa la kusoma. Mtoto wa Kisukuma anaweza kusoma "lafiki" palipoandikwa rafiki, na wa Kikurya "kura" palipoandikwa kula, kwa sababu masikio yao yamelelewa na sauti moja kati ya hizo mbili. Dhahabu huwa "zahabu" kwa wengi, na wengi wao wanasoma vizuri kabisa. Mtoto wa Kimaasai anayeandika "kiti mkubwa" anatoka kwenye lugha isiyo na ngeli kama zetu. Nomino zake zina jinsia, ya kiume na ya kike. Jaribio ni jepesi: mpe sentensi ya amri iliyoandikwa, kama "Weka kalamu chini ya daftari". Akitenda sawasawa, anasoma. Matamshi yatangojea. Ukimkatiza kila neno, atajifunza kunyamaza.

Kile kibao cha aibu anachovishwa anayenaswa akiongea lugha ya kwao kitolewe shuleni. Kinafundisha watoto kupelelezana na hakiongezi hata neno moja la Kiswahili.

Hatua ya 6: Mifano itoke kwao, lakini si kama onyesho

Siku moja kwa mwaka ya ngoma na mavazi haiingizi utamaduni darasani. Wala si sahihi kila hesabu ya ng'ombe kumwelekezea mtoto wa Kimaasai, ambaye huenda baba yake ni fundi cherehani. Ndiyo maana tuliuliza swali la tano.

Chukua kipimo cha ujazo, Darasa la III, dakika 40. Leta kisado kimoja, ndoo ya lita 20 na chupa ya maji ya lita moja.

Dakika 5 za mwanzo: nani amewahi kupima kitu sokoni, kwa chombo gani? Dakika 8: watoto wawili wanamimina chupa ndani ya kisado, wote wanahesabu kwa sauti. Ni nne. Visado ndani ya ndoo, ni vitano. Dakika 12: makundi ya watoto wanane wanakadiria kabla ya kupima, kila mmoja na kazi yake: mmiminaji, mhesabuji, mwandishi, msemaji, mwenye uoni hafifu apewe kumimina na kugusa ukingo, asiachwe kuwa mtazamaji. Hapo ndipo dakika mbili za lugha ya nyumbani zinaingia. Dakika 5: uliza maswali matatu, jibu ni idadi ya vidole vilivyoshikwa kifuani, si hewani, ili wasiigane. Kwa kutupa jicho utajua nani kakwama. Dakika 8: zoezi la ngazi tatu ubaoni, hesabu mbili kila ngazi, mtoto aanze anapojiweza na apande. Dakika 2 za mwisho: kila dawati liseme jambo moja.

Tarajia mtoto wa muuza dagaa kukwambia kisado hujaa hadi kilima. Usimzime. Kisado cha kilima na gunia la lumbesa ndiyo mlango wa kueleza kwa nini vipimo huwekewa sheria. Madarasa ya juu wapime ekari ya hatua 70 kwa 70, kisha wailinganishe na mita za mraba 4,047. Watagundua hatua ya mtu mzima inatakiwa iwe karibu sentimita 91, na kwamba anayepimiwa na mwenye miguu mifupi hupunjwa.

Mara moja kwa mwezi mwalike bibi au mzee mmoja kwa dakika 30, kwa vitendawili au masimulizi. Mpe mada mapema na mtu wa kutafsiri. Mkaribishe kiti na mpeleke kumsalimia mwalimu mkuu. Asiyeheshimiwa mlangoni harudi.

Kuheshimu mila hakumaanishi kunyamazia ukeketaji au ndoa ya utotoni. Ukisikia maandalizi, mwambie mwalimu mkuu na afisa ustawi wa jamii siku hiyo hiyo, au piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Usiende peke yako kwa wazazi.

Hatua ya 7: Fimbo

Kanuni za Tanzania zinaruhusu fimbo zisizozidi nne, kwa kosa kubwa la nidhamu, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na kuandikwa kitabuni. Kukosea hesabu si kosa la nidhamu. Kuchelewa kwa anayetembea kilomita sita nako si kosa. Mwalimu anayechapa darasani kwa majibu yasiyo sahihi anavunja kanuni, na anajinyima taarifa anayoihitaji, kwani watoto watanakili kwa mwenzao ili wapone. Badala yake weka ishara moja ya ukimya, kama makofi ya mdundo ambayo darasa linaitikia, na ifanyie mazoezi wiki nzima ya kwanza.

Hatua ya 8: Mwili na mfuko wa mwalimu

Sauti kwanza. Kupaza sauti juu ya watoto 80 kwa saa nne kila siku huvimbisha nyuzi za koo. Simama katikati ya njia badala ya ubaoni, tumia ishara ya makofi, kunywa maji kidogo kidogo hadi lita moja na nusu au mbili kwa siku, futa ubao kwa kitambaa chenye unyevu ili vumbi la chaki lisipande. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, nenda kwa daktari wa koo. Kunong'ona kwa nguvu hakupumzishi koo, kunalichosha pia.

Uchovu wa kazi ni jambo linalotambulika rasmi, ingawa hauhesabiwi kuwa ugonjwa. Shirika la Afya Duniani liliufafanua mwaka 2019 kwenye orodha yake ya magonjwa kama hali itokanayo na kazi, yenye dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi, na kuona hufanyi la maana. Mwalimu huiona ya pili kwanza: kejeli kwa watoto. Ukiona wiki mbili mfululizo hulali, au unatamani mvua inyeshe wasije, mwambie mwenzako mmoja kisha nenda hospitali.

Vikao vya jumuiya ya ujifunzaji chini ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) vipo tayari, hivyo usianzishe kingine. Omba dakika 20 za kikao zitumike hivi: mwalimu mmoja alete mtoto mmoja aliyemshinda, wengine wapendekeze jambo moja la kujaribu wiki hiyo. Lawama hazina nafasi hapo. Kundi la WhatsApp la shule nalo lipewe saa ya kufungwa, kwa makubaliano ya kikao.

Halafu fedha, ambayo semina za ustawi huikwepa. Mwalimu mwenye mkopo wa kausha damu hawezi kuwa mpole, hata afundishwe mbinu gani. Makato ya mshahara yanapaswa kukuachia angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Wakopeshaji wa mtaani huizunguka kanuni hiyo kwa kushika kadi ya benki na namba ya siri. Usitoe kadi. Ukishaitoa, iripoti benki imepotea, upate mpya, kisha ukae na mkopeshaji mbele ya shahidi kupanga malipo. Deni linabaki deni, ila mshahara unapita mkononi mwako kwanza. Riba ya wiki igeuze iwe ya mwaka kabla ya kusaini: asilimia 10 kwa wiki ni zaidi ya asilimia 500 kwa mwaka.

Hatua ya 9: Wiki ya nane

Fungua kaunta buku, tenga kipindi kimoja. Tafuta kurasa ambazo hujaongeza kitu tangu wiki ya pili. Mara nyingi ni za wasichana watulivu wa safu za katikati, si za wenye ulemavu wala watukutu, maana hao ulikuwa unawaangalia. Wape zamu za mwanzo za msemaji wa kundi kwa wiki mbili. Kisha angalia saa zako tisa: zimebaki ngapi? Zikiwa chini ya tano, usiongeze mbinu mpya muhula huu. Futa moja kati ya ulizonazo, ukianza na mwaliko wa mzee wa kila mwezi, kwa sababu huo unaweza kusubiri. Kusahihisha kwa makundi na nafasi za kukaa visiguswe.